Ratiba ya chakula ilikuwa kwenye simu ya mtu asiyepika: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya Dar

Kabla ya yote

Familia yenyewe imeruhusu hiki kisa kiandikwe. Majina, mtaa, shule na kliniki nimeondoa, umri na namba za vipimo nimezisogeza kidogo ili hata jirani akisoma asiseme huyu si fulani. Nawaandikia hasa wale wanaofanya kazi za lishe huku mitaani, ila pia mzazi yeyote anayefikiria kupakua apu ya kupanga chakula cha nyumbani anaweza kufaidika, maana maswali ya hii familia ndo maswali ninayoulizwa kila siku. Mimi niliingia katikati, wao walishaanza zamani, kwahiyo ya mwanzoni nimeyapata kwa kuwauliza na kwa kuangalia simu ya mama, ambayo bado ilikuwa na kila kitu, menyu zote na meseji zote.

Familia na jiko lao

Watu saba nyumba moja. Baba ni fundi, anatoka alfajiri na mchana anakula hukohuko kwenye saiti. Mama ana kazi ya ofisini, anatoka saa kumi na mbili asubuhi na foleni inamrudisha saa moja usiku kama Mungu kapenda. Bibi, mama mzaa baba, ana miaka sitini na kitu na kisukari cha aina ya pili, anatumia vidonge. Binti wa miaka 15 yuko sekondari ya kutwa, kaka yake mdogo yuko darasa la nne, na kuna kichanga cha miezi kumi na moja. Wa saba ni dada wa kazi, ana miaka kumi na tisa, katokea mkoani, na ndiye anayepika karibu kila kitu kinacholiwa pale.

Unga, mchele, mafuta na sukari vinanunuliwa mwisho wa mwezi kwa jumla. Mboga, viungo, matunda na nyama vina bajeti ya shilingi 15,000 kwa siku, mama anaiacha mezani kila asubuhi au anairusha kwenye simu ya bibi. Jiko la gesi lipo, la mkaa lipo kwa ajili ya maharage na makande, na kuna friji yenye friza ndogo ambayo umeme ukikatika siku mbili inakuwa kabati tu.

Sasa sikiliza hapa. Swali la "leo tunapika nini" kwenye hiyo nyumba linajibiwa kama saa nne asubuhi, mlangoni, mama muuza mboga akipita na beseni lake. Wanaojibu ni bibi na dada. Mama hayupo. Na mama ndiye aliyekuwa na apu.

Ilivyoanza

Binti alidondoka mstarini shuleni. Walimpeleka kupimwa, damu ikaonekana 9.6, wakati kwa umri wake ikiwa chini ya 12 ni upungufu. Akapewa vidonge vya madini ya chuma. Mwezi huohuo bibi akaenda kliniki yake ya kawaida, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikasoma 11.4, daktari akaongea kwa ukali kidogo kuhusu chakula, bibi akarudi nyumbani amenuna akisema hajui ale nini sasa, upepo?

Mama akajiona yeye ndo mwenye kosa. Si ajabu, kina mama wengi wanajiona hivyo. Usiku uleule akapakua apu ya kuhesabu kalori, moja ya hizi za Kiingereza zenye mamilioni ya watumiaji, akajiandikisha yeye, akamwandikisha na binti.

Wiki za apu

Kwa wiki mbili alikuwa anampigia dada simu jioni kuuliza mmepika nini, kiasi gani, halafu anaingiza. Nilipokaa na hiyo simu nikaanza kusoma alichoingiza ndo nikaelewa kwa nini namba zilikuwa zinamchanganya.

Mchicha kwanza. Kwa Kiingereza mchicha unaitwa amaranth, na kwenye apu nyingi ukiandika hivyo cha kwanza kutokea ni punje zake, nafaka kavu, ambazo gramu 100 zina kalori kama 370. Majani yaliyopikwa gramu 100 hayafiki hata 25. Kwahiyo bakuli la mchicha lilikuwa linaonekana kwenye simu kama sahani kubwa ya wali. Bibi aliyekula mboga nyingi kama daktari alivyomwambia akawa kwenye hesabu ndiye mlafi wa nyumba.

Halafu kibichi na kilichopikwa. Mchele mkavu gramu 100 ni kama kalori 360, ukishapikwa unakunywa maji na gramu 100 za wali zinakuwa kama 130. Maharage hivyohivyo, makavu yanakaribia 340, yaliyochemka ni 130 hivi. Mama alikuwa anapima wali kwenye sahani na kuchagua mchele mbichi kwenye apu, siku nyingine kinyume chake. Ugali ndo kabisa, alikuwa anachagua chochote chenye neno mahindi. Na mafuta, ambayo ndo yanabadilisha hesabu kuliko vyote, yalikuwa hayaingizwi kabisa kwa sababu dada anamimina kutoka kwenye dumu, hapimi, na kijiko kimoja tu kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Vijiko vinne vitano kwenye sufuria ya mchicha, hakuna aliyeviona.

Haya yote ungeweza kusema ni makosa ya mtu anayejifunza, atazoea. Lisilozoeleka ni la binti. Yeye alikuwa na apu kwenye simu yake, na apu ilimpa kiwango chake cha siku, na rangi ikawa nyekundu akipitiliza. Kwa zile namba za mchicha wa punje na mchele mbichi alikuwa anapitiliza karibu kila siku kufikia saa kumi jioni. Basi akaanza kuruka chakula cha usiku. Mtoto wa miaka 15, damu 9.6, anaenda kulala na maji kwa sababu simu imegeuka nyekundu. Bibi ndiye aliyestuka, akamwambia mama, "Mwanangu, huyu mtoto mnamtibu au mnamfungisha?"

Apu ikafutwa kwenye simu zote mbili siku hiyo. Kwangu mimi hilo ndo jambo la maana kuliko yote mama aliyoyafanya, na alilifanya kabla mtu wa lishe yeyote hajamwambia.

Wiki ya sikukuu

Mama akahamia kwenye akili mnemba ya kuchati. Meseji yake ya kwanza niliisoma: nipangie chakula bora cha wiki nzima kwa familia ya watu saba. Akapewa shayiri za asubuhi, samoni, brokoli, kinoa, mtindi wa Kigiriki. Akacheka, akaandika tena, nataka chakula cha Tanzania. Ikampangia Jumatatu samaki wa kupaka, Jumanne pilau ya nyama, Jumatano kuku wa nazi, Alhamisi ndizi nyama, Ijumaa biriani. Yaani wiki nzima ni Idi! Chakula cha Tanzania kweli, ila ni kile tunachompikia mgeni. Makande hayamo, mlenda haumo, matembele hayamo, dagaa wametajwa mara moja kama cha kutafunatafuna.

Alienda nayo sokoni hivyohivyo Jumamosi na orodha kwenye simu. Aliporudi nyumbani akagundua kwamba kwa kasi ile wangetumia shilingi 26,000 kwa siku. Ilipofika Alhamisi hela ya wiki imekwisha na ndani kuna nusu kuku na binzari.

Kwenye menyu ileile kulikuwa na uji wa mtoto umewekwa asali badala ya sukari, kwa maelezo kwamba asali ni ya asili. Mtoto alikuwa na miezi kumi na moja. Asali hapewi mtoto kabla hajatimiza mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vya botulism, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, ambavyo tumbo la mkubwa linavimudu na la kichanga halivimudu. Kwa bahati ile wiki kulikuwa na kliniki ya mtoto, mama akamtajia muuguzi kwa fahari kabisa kwamba siku hizi hawatumii sukari, muuguzi akamkatiza palepale. Walikuwa wameshampa mara mbili. Hakupata shida yoyote.

Hapo ndo nilipoletewa hii familia.

Maamuzi, na kwa nini

Kitu cha kwanza tulichokubaliana ni kutohesabu kalori za mtu yeyote. Binti tatizo lake ni madini ya chuma, bibi tatizo lake ni wanga mwingi kwa mkupuo na sukari ya chai, kichanga anahitaji aina nyingi za chakula kidogokidogo huku akiendelea kunyonya. Hakuna hata mmoja ambaye swali lake lingejibiwa na jumla ya kalori. Chombo kilikuwa kinajibu swali la mtu mwingine, mtu mzima wa nchi nyingine anayetaka kupungua.

Cha pili, tuligeuza mwanzo. Badala ya kuuliza chakula bora ni kipi, dada na bibi wakaulizwa mnapika nini kawaida. Walitaja vitu ishirini na kitu bila kufikiri: mchicha wa nazi, matembele, kisamvu, mlenda, bamia, nyanya chungu, maharage, choroko, kunde, mbaazi za nazi za asubuhi na maandazi, dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma mama akipata mshahara, mayai, makande, utumbo, perege, maini ya kuku. Mama alibaki mdomo wazi maana vitu vinne havijui kabisa, vinaliwa mchana yeye akiwa ofisini.

Hiyo orodha ndo iliingia kwenye jedwali la Google. Mistari ni mapishi, safu ni makundi sita ya chakula kama yalivyo kwenye mwongozo wa kitaifa wa 2023: nafaka na mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde na karanga na mbegu, vyenye asili ya wanyama, mboga, matunda, mafuta. Kila pishi linawekewa alama kwenye kundi lake. Safu ya mwisho ni bei ya siku hiyo ya sufuria moja ya watu saba. Hakuna gramu hata moja. Kazi ya jedwali ilikuwa ni kuonyesha mashimo, na yalionekana mchana kweupe. Wanga kila mlo, mafuta kila mlo, mboga za majani siku tano kwa wiki kwa hiyo hapo hawakuwa vibaya hata kidogo, kunde mara mbili, wanyama mara tatu, na safu ya matunda ilikuwa nyeupe kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Pale tulipohitaji namba tulitumia jedwali la virutubisho la vyakula vya Tanzania lililotolewa 2008, linapatikana bure kama PDF. La Kenya la 2018 pia ni zuri na ni jipya zaidi. Humo mchicha ni mchicha, hauhitaji kutafsiri kitu. Ila sikumpa mama alitumie kila siku, tulilitumia kwa maswali mawili matatu tu, kama je tukipunguza nyama mara moja tukaongeza dagaa tunapoteza nini. Jibu ni kwamba hampotezi, dagaa mkavu mnamla na mifupa yake, protini ipo tele na kalsiamu ambayo kwenye nyama ni kidogo sana.

Cha tatu ndo kilikuwa kigumu kukubalika: ratiba iwe ya dada. Mama alitaka awe anaituma kila asubuhi kwa WhatsApp. Dada alikaa kimya mpaka nikamuuliza mwenyewe, akasema taratibu, "Mama akiniandikia Jumatano maharage, na Jumatano gesi inakata na mkaa haupo, mimi nafanyaje? Napika tu mchicha, halafu jioni naonekana sijafuata." Hilo halikuwa kwenye apu yoyote. Maharage yanakula moto kuliko kitu chochote kwenye ile nyumba, kwahiyo kila ratiba iliyoongeza maharage ilikuwa inaongeza gharama ambayo safu ya bei haiioni. Wakaamua maharage yanalowekwa Jumamosi usiku, yanachemshwa Jumapili kwa mkaa, sufuria kubwa mara moja, nusu inaingia friza kwenye makopo. Siku za kazi yanaungwa tu.

Basi ratiba ikachapishwa karatasi moja ikabandikwa ukutani jikoni, na haikusema Jumatatu pika hiki. Ilisema wiki hii lazima kunde mara nne, dagaa au samaki mara mbili, maini mara moja, mboga ya majani kila siku, na kuna visanduku vya kutia tiki. Dada anaamua siku kulingana na beseni la mlangoni na mtungi wa gesi. Sauti fupi ya WhatsApp jioni, mama anajua kimepikwa nini, kwisha.

Kwa bibi, tulikataa apikiwe sufuria yake peke yake. Alishajaribiwa hivyo zamani akasusa, akasema mnanitenga kama mgonjwa wa kuambukiza. Sufuria moja, sahani tofauti: nusu ya sahani mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki. Lakini kabla ya kupunguza ugali alirudi kwanza kliniki na majina ya vidonge vyake, kwa sababu kimoja kilikuwa ni glibenclamide, na ukitumia hiyo halafu ukakata wanga ghafla sukari inaweza kushuka ukaanguka. Wanaowapangia wenye kisukari menyu kwa simu bila kuuliza dawa, naomba hapo mpasome mara mbili.

Na chai. Hii nyumba inakunywa chai ya rangi na kila kitu, hata na ugali wa usiku. Binti alikuwa anamezea vidonge vya chuma kwa chai! Chai inazuia madini ya chuma yasifyonzwe, vitamini C inasaidia yafyonzwe. Kwahiyo chai ikasogezwa, angalau saa nzima mbali na chakula, vidonge vikawa vinamezwa kwa maji na kipande cha chungwa, na ndimu ikaanza kukamuliwa kwenye dagaa na mchicha ukishaepuliwa. Gharama ya mabadiliko yote hayo ni ndimu na machungwa mawili.

Uji wa mtoto nao ulikuwa unatengenezwa kwa ule unga wa lishe wa kuchanganya kila kitu, mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, umekaa kwenye ndoo miezi miwili. Huo nilipendekeza waache. Vitu hivyo haviivi kwa muda mmoja, karanga zinaufanya unga uchache haraka, na mahindi na karanga zilizokaa vibaya ndo nyumba ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walipoteza maisha kwa sumukuvu ya mahindi, siyo hadithi. Unga wa nafaka moja, unapikwa, halafu kwenye bakuli unaongezwa yai lililopondwa, au maziwa, au unga wa dagaa kidogo, leo hiki kesho kile.

Akili mnemba hatukuifukuza. Ilipewa kazi ndogo. Dada alijifunza kuiuliza kupitia simu ya bibi kwa Kiswahili chake mwenyewe, mfano: nina dagaa wa Mwanza, nyanya chungu, bamia, sina nazi, gesi kidogo, nipike vipi watoto wale. Hapo inatoa mawazo mazuri, kweli. Na mama aliitumia kujumlisha orodha ya sokoni ya wiki, akihakiki jumla kwa kalkuleta maana kuna siku ilikosea. Kanuni moja tu, lolote la mtoto mchanga au la dawa linaulizwa kliniki.

Matokeo baada ya miezi mitatu

Damu ya binti ilifika 11.7. Naomba ieleweke, sehemu kubwa ya hiyo ni vidonge, siyo maini ya kuku. Ninachoweza kusema chakula kimefanya ni kwamba vidonge viliacha kupigana na chai, na binti karudi kula usiku. Sukari ya bibi ya asubuhi inacheza kati ya 7.5 na 9, dawa pia ilibadilishwa katikati, kwahiyo na hapo sigawi sifa. Bibi mwenyewe anasema ni sukari ya chai, alikuwa anaweka vijiko vitatu mara nne kwa siku na hakuna aliyewahi kumhesabia hiyo kwa sababu kila mtu alikuwa anahesabu ugali.

Kichanga anapata aina tano au zaidi siku nyingi, tukihesabu na maziwa ya mama. Kunde zimepanda kutoka mbili hadi nne kwa wiki. Matumizi kwa kawaida yamekaa 14,000 hadi 16,000 kwa siku, siku ya maini na samaki inapanda, siku ya choroko inashuka hadi 9,000.

Jedwali la Google mama aliacha kulijaza kwenye mwezi wa pili. Karatasi ya jikoni ipo, imeungua pembeni, dada ameshaongeza kwa kalamu vitu vitatu ambavyo hakuna aliyemwambia, kimoja ni "mlenda siku ya ugali mgumu".

Uchambuzi

Watu wakisikia hiki kisa wanakimbilia kusema apu za kizungu hazitufai. Sikubaliani na hilo moja kwa moja. Ukweli ni kwamba mama angeweza kuchagua majani badala ya punje, angeweza kupima kilichopikwa, kuna watu wanazitumia vizuri kabisa. Hata kama kila namba ingekuwa sahihi, apu bado ingefeli, maana ilikuwa inamshauri mtu ambaye saa nne asubuhi yuko kwenye dawati la ofisi. Ushauri ulikuwa hauwezi kufika mlangoni. Jedwali lilifanya kazi siyo kwa sababu ni la Google, lilifanya kazi kwa sababu lilijazwa na bibi na dada, na likaishia kuwa karatasi.

Kwahiyo nikikutana na familia inayotaka kupanga mlo kwa simu sasa nauliza kwanza nani anashika mwiko, nani anashika hela, na nani anaongea na muuza mboga. Mara nyingi ni watu watatu tofauti. Apu inadhani ni mmoja.

La binti linahitaji watu walichukulie kwa uzito wake. Apu za kalori hazipaswi kuwa kwenye simu ya mtoto wa sekondari, hasa wa kike, hasa anayeumwa. Hata kabla ya makosa ya namba. Binti wa umri huo anakua, anapata hedhi, anahitaji chuma na chakula cha kutosha, halafu unampa kifaa ambacho kazi yake ni kumwambia umezidi. Kuna watakaosema ni nidhamu tu ya kujifunza kula. Mimi nimeona alichojifunza.

Kuanza na kinachopikwa tayari kulifanya kazi kwa sababu hawakuhitaji kununua kitu kigeni wala kujifunza pishi jipya. Mashimo yalikuwa mawili matatu tu. Familia nyingi za hapa mjini zinakula vizuri kuliko zinavyodhani, shida inakuwa ni wingi wa wanga na mafuta, chai, na matunda kukosekana. Menyu mpya ya siku saba inafuta yote mazuri ili kuziba mashimo mawili.

Sehemu iliyofeli kabisa ni matunda. Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, mboga wanajitahidi, matunda hapana. Tulijaribu ndizi mbivu, tukajaribu embe msimu wake, papai. Papai moja la watu saba linaisha kabla baba hajarudi, halafu siku ikibana hela matunda ndo yanakatwa kwanza, hakuna anayekata nyanya. Safu bado ina alama Jumamosi na Jumapili tu, na machungwa ya binti.

Na baba. Ratiba nzima hii haikumgusa. Mchana anakula kwa mama ntilie au chipsi mayai na soda, na jioni anakula sahani kubwa kuliko zote kwa sababu mchana hakushiba. Mama alipendekeza awe anapiga picha ya chakula chake anatuma kwenye grupu la familia, akajibu, "Nipige picha sahani mbele ya mafundi wenzangu, nionekane nani?" Tumeishia kwenye makubaliano kwamba Jumatatu na Jumanne, kwa kuwa maharage ya Jumapili yapo, anabeba kontena. Jumatatu anabeba. Jumanne inategemea.